Siwa ni ya nani? Okestra ya mji, toka Malindi ya 1498 hadi Lamu ya leo

Aprili 1498, siku chache baada ya merikebu za Vasco da Gama kutia nanga mbele ya Malindi, mfalme wa mji alitoka kwenda baharini kuonana na wageni. Mmoja wa Wareno waliokuwamo safarini aliandika alichokiona: joho la hariri, mwavuli mwekundu wa kumkinga mfalme na jua, mzee mmoja aliyebeba jambia lenye ala ya fedha. Kisha akawataja wapigaji. Walikuwapo wapiga nafiri wengi, na pamoja nao pembe mbili za ndovu zilizochongwa kwa ufundi mkubwa, kila moja ndefu kama mtu, zinazopulizwa kwa tundu la ubavuni. Anasema sauti zake zilipatana vizuri na zile nafiri.

Hizo pembe za kupulizwa ubavuni sisi twazijua. Ni siwa. Na hilo neno la "kupatana" ndilo linaloninasa kila nikiisoma habari hii, kwa sababu pembe mbili na nafiri nyingi hazipatani kwa bahati. Kuna mtu alikaa na wale wapigaji kabla ya siku hiyo, akawaambia wewe anza, wewe ngoja.

Nimeikumbuka habari hii kwa sababu ya mpwa wangu. Mwaka jana alinionyesha kwenye simu okestra ya watu themanini hivi, wote wamevaa nguo nyeusi, akaniuliza: "Mjomba, mbona huku kwetu hakuna?" Nikamjibu upesi kwamba huku tuna taarabu. "Ile si okestra," akasema. Nikanyamaza, maana alikuwa na haki nusu, na ile nusu nyingine sikuweza kumweleza pale pale barazani.

Tuanze na neno lenyewe, maana ndilo lililotutatiza. Kwa Kiswahili, okestra ni kundi lolote kubwa la wapigaji. Bendi za rumba zimejiita okestra, vikundi vya taarabu vimejiita okestra, na hakuna aliyekosea. Simfoni ni jambo jingine: ni aina ya utunzi, kazi ndefu ya vyombo ambayo kwa kawaida ina sehemu nne, na okestra ya simfoni ni ile yenye vyombo vya kutosha kuipiga. Mkisikia okestra nyingine inaitwa ya filhamoni msibabaike. Neno hilo lina maana ya kupenda muziki tu, na vyombo ni vile vile.

Vyombo hivyo vimegawanyika makundi manne. Vya nyuzi ndivyo vingi, zaidi ya nusu ya kundi zima: fidla, viola, chelo na besi. Kisha vya kupuliza vya mbao, vya kupuliza vya shaba, na vya kupigwa. Jumla huwa wapigaji kati ya sitini na mia. Ukivitazama kwa karibu utaona jamaa zetu wengi mle ndani. Obo, ambayo ndiyo hutoa sauti moja ndefu kabla ya kuanza ili wengine wote wajipange nayo, hutoa sauti kwa matete mawili yanayogongana mdomoni mwa mpigaji, sawasawa na zumari. Udi ulivuka kuingia Ulaya ukazaa ukoo mzima wa vyombo vya kule, hata jina lake la Kizungu limetokana na lile la Kiarabu. Nafiri nayo ilifika Ureno na jina lake, ndiyo maana yule mwandishi wa 1498 hakuhitaji kueleza ni kitu gani.

Basi tofauti haiko kwenye vyombo. Iko kwenye namna ya kuvipanga. Katika taarabu, fidla, kanuni ya nyuzi, filimbi ya nai na kodiani hutembea njia moja. Wimbo ni mmoja, na kila mpigaji anaupamba kwa mkono wake: huyu anachelewa kidogo, yule anaongeza madoido, wa tatu anajibu pale mwimbaji anapovuta pumzi. Uzuri wake ni huo, kwamba wote wanasema jambo moja kwa lafudhi tofauti. Katika simfoni mtunzi amewagawia maneno tofauti kabisa, na wimbo wenyewe hauko kwa mtu yeyote peke yake. Ni kama mashua ya mashindano ikigeuza tanga pale mbele ya gati. Mmoja ameshika demani, mmoja yuko kwenye usukani, wawili wamekaa nje kwenye ubao kuizuia isilale, na yuko anayefua maji kwa upo. Ukimtazama mmoja tu huoni safari. Na ukimwambia kila mtu afanye anachofanya mwenzake, mtazama majini.

Hapo ndipo inapotoka haja ya karatasi. Mpiga taarabu hodari anaweza kushika wimbo kwa sikio na kuukumbuka miaka thelathini. Mpiga viola wa simfoni hawezi, maana sehemu yake huenda ni noti za kujazia kati ambazo peke yake hazina hata ladha. Lazima ziandikwe, na lazima azisome. Hapo pia ndipo anapotoka yule mtu mwenye kijiti. (Wazungu humwita kondakta, lakini huku kwetu ukisema kondakta watu watapapasa mfukoni kutafuta nauli. Mwongozaji inatosha.) Yeye ndiye nahodha: hapigi chochote, lakini ndiye pekee anayesikia chombo kizima.

Sasa kuna jambo ambalo video za simu hazionyeshi, nalo ndilo kubwa. Zile okestra maarufu za miji mikuu zimejificha nyuma ya fahari zake, lakini ukitaka kuelewa okestra inavyoishi na watu, tazama zile za mikoani. Mfano mzuri kwetu ni Bournemouth, kwa kuwa nao ni mji wa pwani unaoishi kwa wageni. Ni mji wa kusini mwa Uingereza ambako watu walikuwa wakija kupunga upepo wa bahari na kutafuta afya. Mwaka 1893 baraza la mji lilimwajiri Dan Godfrey aunde kundi la wanamuziki thelathini wa kuwatumbuiza wageni. Hiyo ndiyo asili yake: biashara ya utalii. Hawakuanza kwa mapenzi ya sanaa, na tusiwapambe.

Lakini Godfrey alikuwa na ajenda yake. Katikati ya nyepesi nyepesi za wageni wa kiangazi alianza kuingiza simfoni, na kazi za watunzi wa Uingereza waliokuwa bado hai. Mwaka 1922 mfalme akampa cheo cha heshima kwa mchango huo. Akastaafu 1934, akafariki 1939. Okestra haikufa. Vita vya pili vya dunia viliipunguza vibaya, ikajengwa upya, na mwaka 1954 ikapewa jina la Bournemouth Symphony Orchestra. Baadaye hata makao yake yakahamia mji jirani wa Poole, na jina likabaki lile lile. Leo huzunguka miji ya kusini magharibi ambayo haina okestra yake, huingia mashuleni na kwenye nyumba za wazee, na imeunda kundi la wanamuziki wa kulipwa wenye ulemavu, likiongozwa na mwongozaji mwenye ulemavu, ambalo mwaka 2018 lilipiga katika tamasha la Proms jijini London.

Tazama mpangilio huo. Mwanzilishi kaondoka, jengo limebadilika, mji wa makao umebadilika, waliopiga siku ya kwanza wote wako kaburini, na okestra ipo. Sababu yake ni kavu kidogo kuieleza: tangu siku ya kwanza haikuwa ya Godfrey. Ilikuwa ya mji. Mishahara ilitoka kwenye hazina ya mji, na kwa hiyo kukawa na watu wa kulalamika kila bajeti inaposomwa. Mimi nadhani hayo malalamiko ndiyo yaliyoihifadhi. Kitu ambacho watu wanakigombea barazani hakipotei kimya kimya.

Turudi nyumbani. Siwa mbili kongwe za kwetu ziko katika makumbusho ya Lamu, ile ya Pate, kisiwa jirani, ya pembe ya ndovu na ile ya Lamu ya shaba. Ya Pate ukisimama kando yake utaona ni ndefu kukupita, imezidi mita mbili. Watalii huipiga picha na kupita. Wachache huambiwa kwamba kitu hiki hakikuwa cha mpigaji. Kilikuwa cha enzi. Kilitoka kwa arusi za wenye nasaba, kwa idi, kwa kutawazwa, na mtu hakukipuliza kwa sababu anajua kupuliza, bali kwa sababu wenye mji wameruhusu.

Habari za Pate zina kisa cha Mwana Darini, ambaye mumewe aliuawa kwa amri ya sultani. Ulipofika wakati wa kumtahiri mwanawe, siwa ya ufalme haikuwa ya kuitegemea. Akamwita Mwenye Bayayi, sharifu aliyekuwa fundi wa kuchonga, akamtaka amfanyie siwa yake mwenyewe ya pembe, isiyopungukiwa na ile ya kifalme. Ikachongwa. Husimuliwa kama kisa cha ushujaa wa mwanamke, na ni kweli. Lakini kisome tena kwa swali la mpwa wangu. Mwana Darini alielewa kwamba chombo cha kupuliza ni dola. Aliyenyimwa siwa hakunyimwa muziki, alinyimwa mji.

Baada ya siwa likaja beni. Bendi za tarumbeta za mtindo wa kijeshi zilianza kusikika pwani yetu miaka ya 1890, na vijana wa Kiswahili hawakuchelewa kuzigeuza zao. Mombasa walikuwapo Kingi na Scotchi, hawa wa pili wakijifananisha na askari wa Kiskochi, na kila upande ukijitahidi kuupita mwingine kwa sare, kwa karamu na kwa mashairi ya kuchoma. Lamu mashindano yalikuta kuni kavu: mitaa miwili ya mji, Mkomani na Langoni, ilikuwa tayari inajua kushindana kwa kila kitu. Gharama zilikuwa kubwa hata maofisa wa kikoloni wakaona watu wanafilisika kwa ngoma. Lakini kwa hesabu ya makala hii, beni lilikuwa chama. Lilikuwa na vyeo, ada na mfuko, na lilikuwa na kazi ya kuzikana na kuauni mwanachama mwenye shida. Tarumbeta ilikuwa alama tu ya kwamba watu hawa ni kitu kimoja.

Taarabu ndiyo iliyotupotosha kidogo, nami nasema hivi nikiwa naipenda. Kuna taarabu ya chama na kuna taarabu ya mtu. Ikhwani Safaa ya Unguja ilianzishwa mwaka 1905 kama chama cha vijana, na hadi leo ipo, maana akifa mpiga fidla huingia mwingine. Huku kwetu Kenya tulifuata zaidi njia ya pili: kikundi hubeba jina la bingwa. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu wa 1939, ambaye udi wake hauna mfano, aliongoza Zein Musical Party huko Mombasa hadi uzeeni. Akafariki 2016. Ubingwa wa namna hiyo haurithiwi kwa kikao. Kikundi chenye jina la mtu huzeeka na mtu huyo, hukosa sauti akikosa sauti, na siku ya matanga ndugu hugawana vyombo kama wanavyogawana vitanda. Si kosa la bingwa. Ni mpangilio tuliouchagua, na malipo yetu yanauimarisha: sisi hutuza. Mtu huinuka katikati ya wimbo, akacheza hadi mbele, akamwekea mwimbaji noti mkononi au kwenye kilemba. Ni adabu nzuri na ya joto, lakini haimfikii mpiga besi aliyeinama nyuma. Okestra ya simfoni haiwezi kuishi siku mbili kwa tuzo, maana nani atamtuza mtu aliyehesabu mapigo mia ya kimya ili apige sahani mara moja?

Sasa nimwambie mpwa wangu ile nusu niliyoshindwa kumwambia. Kundi kubwa, la mji mzima, lenye vijana na wazee, lisilokufa na mtu mmoja, Lamu tunalo. Hukutana kila Mfungo Sita, mwezi wa kuzaliwa Mtume. Wenyewe hawaliiti muziki, nami sitaliita hivyo, ni dhikri na maulidi. Natazama tu jinsi lilivyopangwa. Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija, alisimamisha hapa Maulidi ya al-Habshi na kujenga msikiti wa Riyadha, na matari yakasikika ndani. Wapo wanazuoni wa wakati wake waliopinga vikali, na ubishi huo haujaisha kabisa hadi leo. Amefariki tangu miaka ya 1930. Maulidi hayakupungua, yalikua: watu huja kutoka Tanzania, Komoro na kwingineko, na vijana ambao babu zao hawakumwona Habib wanashika zamu zao safuni bila kufundishwa upya kila mwaka.

Nenda mapema jioni ya usiku mkubwa, kabla ya umati, uone jambo moja dogo. Ngozi ya tari haipendi unyevu wa bahari. Hulegea, na tari iliyolegea hutoa sauti ya debe. Basi vijana huwasha moto mdogo wa makuti au maboksi kando ya ukuta. Kila mmoja huishika tari yake kwa fremu, akaielekeza uso kwa moto, akaizungusha polepole, akaigonga kwa ncha ya kidole, akainama kuisikiliza, akairudisha. Ukiizidisha ngozi hupasuka. Ukiipunguza, nusu saa tu imelegea tena. Mzee mmoja huwa amekaa kwenye kizingiti, hashiki kitu, anasikiliza tu, na akisikia moja haijakaa hutikisa kichwa. Yule mzee ndiye obo.

Je, okestra ya simfoni yenyewe ingeweza kuota hapa? Kinshasa ilionyesha kwamba haihitaji utajiri kuanza. Mwaka 1994 Armand Diangienda, rubani aliyepoteza kazi, alianzisha Okestra ya Simfoni ya Kimbanguiste katika kanisa la babu yake Simon Kimbangu. Fidla zilikuwa chache kuliko watu, zikapigwa kwa zamu, na uzi ukikatika walitia waya wa breki ya baiskeli. Nairobi iliyo na okestra yake tangu miaka ya 1940, ikaonekana ya wageni na wenye nafasi, imeshuhudia Ghetto Classics ikianza Korogocho mwaka 2008 na kufundisha watoto wa mtaa ule vyombo vile vile. Lakini tazama zilipoegemea: Kinshasa ni kanisa, Korogocho pia ilianzia uwanja wa kanisa. Kulikuwa na chumba, ufunguo, na jamii iliyokutana tayari kwa jambo jingine. Na tazama upande wa pili: chuo cha muziki cha Unguja, Dhow Countries Music Academy, kilichofunguliwa 2002 na kulea kizazi kizima cha wapigaji wa taarabu, mwaka 2019 kilikaribia kufunga milango fedha za wafadhili zilipokauka.

Kwetu kungekuwa na vikwazo vyake. Chumvi ya bahari hula nyuzi, na joto la kaskazi hulainisha gundi mpaka fidla ikafunguka kama kopo. Wapo masheikh wasioridhia vyombo vya nyuzi, na okestra isiyokaa nao mapema ikazungumza nao kwa heshima haitapata watoto. Walimu wa kusoma noti ni wachache. Hayo yote nayaona mepesi kuliko swali la Mwana Darini: chombo ni cha nani?

Mpwa wangu ameanza kuligonga mwenyewe. Yeye na wenzake watano wamepata fidla moja kuukuu, kodiani isiyo na vifungo vitatu, na tarumbeta mbili zilizotoka bendi ya shule. Hukutana Alhamisi, juu ya dari ya nyumba ya mwenzao Langoni, wakipiga wimbo mmoja kwa sauti mbili, na hizo mbili zikianza kupatana hucheka. Juzi walikaribia kuvunjana. Si kwa wimbo. Fidla ilinunuliwa kwa mchango wa wote, na mwenye dari alitaka ilale kwake, wa Mkomani nao wakasema kwa nini isilale kwetu. Nilipita nikawakuta wamenuna, fidla iko katikati ya mkeka. Nikawauliza kama wameandika popote ni ya nani. Wakatazamana. Mmoja akatoa daftari la shule, akafungua ukurasa wa nyuma, akaniuliza, "Ami, tuandike jina la nani?"